Uwanja wa watoto si lupango bila mwenyewe

Mutoto wa mwenzetu mumoja, kijana wa miaka tisa, alivunjika muguu mwezi uliopita. Alikuwa anacheza mpira kando ya barabara ya vumbi, kule malori ya madini yanapita. Mpira ulikimbia, naye akaukimbilia. Shoferi alifunga breki kwa nguvu zake zote, lori likamugusa kwa upande tu, Mungu asifiwe. Baba yake alikuwa amelala, kwani alitoka ku posti ya usiku. Aliamshwa na kelele za bamama.

Tulienda kumuona ule mutoto ku hospitali, sisi delege watatu wa sendika. Tulimuuliza baba yake: "Juu ya nini batoto banachezea mu barabara?" Akatujibu: "Bacheze wapi? Ule uwanja wetu muliona vile ilifanyika. Leo iko na nyumba ine na depo ya simenti." Tukanyamaza. Ule uwanja tuliujua vizuri, wengine wetu tulicheza mule tukiwa wadogo. Tena tulijua siku ile ulianza kukatwa vipande, na hatukusema neno.

Wasomaji wetu wamezoea kutusikia tukisema juu ya mushahara, mikataba ya kazi, viatu na kofia za usalama. Leo tunasema juu ya viwanja vya kucheza na bustani za kartie. Kuna watakaocheka na kusema sendika imekosa kazi. Waache wacheke. Mufanyakazi anarudi nyumbani kila siku, na ile nyumba yake iko mu kartie. Kama mu kartie mutoto hana mahali pa kukimbia, mama hana kivuli cha kukaa, na muzee aliyeharibika mugongo ku chimbo hana kiti cha kupumzikia, basi ile mushahara tunayopigania inaishia ku hospitali na ku baa.

Tena si mara ya kwanza uwanja wa mpira kuingia mu mambo ya wafanyakazi wa Katanga. Mwezi wa 12 mwaka wa 1941, wakati wafanyakazi wa Union Minière waliacha kazi juu ya mushahara mudogo na bei ya vitu iliyopanda sababu ya vita, walikusanyika wapi? Ku uwanja wa mpira, humu Lubumbashi, wakati ule ikiitwa Élisabethville. Tarehe 9 askari wakawapiga risasi pale pale, na Léonard Mpoyi aliyesema kwa niaba yao akafia pale pamoja na wenzake. Hawakuwa na ofisi ya sendika wala sale ya mukutano. Walikuwa na uwanja. Mahali pa wazi ambapo kila mutu anaweza kuingia bila kulipa na bila kuomba ruhusa, watu wadogo wanapahitaji zaidi kuliko wakubwa.

Tukumbuke pia namna muji wetu ulijengwa. Ulianza mwaka wa 1910, na mwaka wa 1911 kiwanda kikayeyusha shaba ya kwanza. Upande wa wazungu ulipewa barabara pana, miti na bustani. Mu cité, weusi walipewa lupango ndogo ndogo. Katikati wakaacha eneo tupu la kutenganisha watu. Kambi za kampuni zilikuja na sheria zao kali, tena hatuzisifu, kwani mutu aliishi pale chini ya jicho la shefu wa kambi. Lakini zilikuwa na uwanja wa mpira, foyer ya bamama na masomo, na ile majani ilikatwa, kwa sababu kampuni ilitaka mufanyakazi akae na familia yake na asitoroke.

Kiisha Gécamines ikaanguka. Mu mwaka wa 2003 wafanyakazi zaidi ya 10.000 waliondoka kazini kwa ile walioita départ volontaire. Nyumba za kambi zikapata wenyewe: kila mutu na lupango yake, karatasi yake, ukuta wake. Ila ule uwanja wa katikati haukupata mwenyewe. Kampuni haikuukata tena majani, komini haikuuandika popote, na wakaaji walidhani iko ya kampuni ao ya komini. Kitu kisicho na mwenyewe hakikawii kupata muchukuzi. Kwanza ilikuja kioski moja. Halafu kontena. Halafu usiku mumoja watu wakamwanga mawe na muchanga. Asubuhi tukaona musingi. Tulipouliza, walitujibu: "Ile fasi ilikuwa bure."

Hapa ndipo kosa linaanzia. Uwanja wa watoto si fasi bure. Sheria ya ardhi ya tarehe 20 mwezi wa 7 mwaka wa 1973 inasema wazi: ardhi iliyowekwa kwa matumizi ya watu wote haiwezi kupewa mutu kuwa mali yake, mupaka kwanza itolewe mu ile matumizi kwa njia ya sheria. Maana yake, shefu wa kartie hana haki ya kuuzisha uwanja. Hata mukubwa wa ofisi ya ardhi hana haki ya kuukata vipande juu ya meza yake, kama hakuna uamuzi halali ulioutoa mu mali ya watu wote. Anayenunua vile ananunua kesi, hata kama yuko na karatasi yenye muhuri.

Sasa kila mara tunasikia mipango ya kupendeza muji. Watapanda miti, wataweka viti na taa, watajenga bustani. Tunafurahi, hatukatai. Lakini tumeona mara nyingi namna ile mipango inaanzia: inaanzia ku centre-ville, ku rond-point kule wageni wanapita, na inaishia kule. Wanapanda maua, wanaweka mnyororo kuzunguka majani, wanaandika "usikanyage". Ao wanajenga bustani yenye ukuta na mulango wa kulipa. Baba mwenye watoto watano anayekaa Katuba, Kenya ao Ruashi apige hesabu: taksi ya kwenda, kiingilio cha watoto, sukari ya kila mumoja, taksi ya kurudi. Ile ni franga ya bukari ya siku ngapi? Ataenda mara moja kwa mwaka, siku ya sikukuu. Mutoto lakini anacheza kila siku.

Kwa hiyo maoni yetu ni haya: kama muji uko na franga kidogo, isijenge bustani moja kubwa ya kupigia picha. Itengeneze viwanja vidogo vidogo mu kila kartie, mahali mutoto anaweza kufika kwa muguu bila kuvuka barabara ya malori. Na itengeneze kwa kufuata mambo mane.

Kwanza, mipaka. Mbele ya kununua hata kiti kimoja, komini ihesabu viwanja vyote vilivyobaki, moja moja, pamoja na shefu wa kartie na wakaaji. Ipime, iweke alama za beto ku kona, iandike mu kitabu cha kadastra kwamba hii iko mali ya watu wote, na ibandike ile orodha ku ukuta wa komini kila mutu asome. Tulishaona uwanja unapakwa rangi, unawekwa magoli mapya, na mwaka wa pili nusu yake imeuzwa. Kutengeneza uwanja usio na mipaka ni kuupandishia bei kwa ajili ya wezi.

Pili, udongo. Hili ni jambo letu sisi wa nchi ya madini, wenzetu wa miji mingine hawana hii shida. Mwaka wa 2018 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi pamoja na wenzao wa Leuven, kule Ubelgiji, walitangaza uchunguzi waliofanya ku Kasulo, mu Kolwezi, kartie ambamo watu walichimba kobalti chini ya nyumba zao. Walipima damu, mukojo na vumbi ya mu nyumba. Watu walioishi karibu na yale mashimo walikuwa na kobalti mingi kuliko wale wa kartie ya jirani, na tofauti ilikuwa kubwa zaidi kwa watoto. Mutoto anacheza chini, anatia mikono mu kinywa, anakula vumbi bila kujua. Basi komini isijaze uwanja wa watoto na mabaki ya kiwanda ao mawe ya chimbo sababu tu yako karibu na yanapatikana bila kulipa. Wapime udongo kwanza. Na kama udongo ni mubaya, dawa ipo: majani na miti ya kufunika vumbi. Huku kwetu, ku Penga Penga, upande ule moshi ya kiwanda cha shaba ilikuwa inaangukia, miti ilikufa na udongo ukabaki wazi. Wataalamu wa kilimo wa Chuo Kikuu chetu walijaribu kupanda pale majani ya kienyeji, wakichanganya udongo na chokaa na mbolea. Basi wapo watu wa kuuliza, tena wako humu humu mu muji. Komini iwaite.

Tatu, maji na kivuli. Kuanzia mwezi wa tano mupaka wa tisa mvua karibu hainyeshi. Muti unaopandwa siku ya sherehe, mukubwa akipigwa picha na kopo ya maji, unakufa mwezi unaofuata kama hakuna mutu wa kuumwagilia. Mahali pa kupanda miti pawe na foraje ao pompi, na ile maji isaidie wakaaji pia. Hapo tunawajibu wale wanaosema: "Kwanza maji na barabara, bustani itakuja nyuma." Hatuoni kwa nini vitu hivi vipigane. Pompi moja mu uwanja inamwagilia miti asubuhi na inajaza bidon za bamama muchana kutwa. Udongo wenye majani unakunywa maji ya mvua, na ile maji haiingii mu nyumba za watu walio chini. Muembe na avoka zinatoa kivuli na chakula. Sisi hatuombi maua ya kuangalia.

Ine, kuchunga. Kila kitu kinaharibika: taa, goli, kiti, choo. Mu bajeti ya komini iandikwe kila mwaka franga ya kuchunga kila uwanja, hata kidogo, na zamu mumoja anayelipwa kila mwezi. Zamu asiyelipwa atauzisha nati za viti, na hatutamuhukumu sana.

Mbele ya kuchora chochote, wale wanaochora watembee mu ule uwanja mara tatu kwa siku moja: asubuhi, saa nane ya muchana, na jioni. Asubuhi watakuta wazee na watu wa posti ya usiku wanaotafuta usingizi mu nyumba za jirani. Saa nane watakuta watoto wa masomo na jua kali bila muti hata mumoja. Jioni watakuta vijana wa mpira wamechukua uwanja wote, na mabinti wamesimama kando ya ukuta. Waulize wale mabinti. Tulipouliza sisi, walitaka kipande kidogo chao chenye simenti, cha basketi na cha kuruka kamba, na taa ya kuwafikisha nyumbani. Mama mumoja akatuambia: "Mimi naomba paka kiti, fasi naweza kukaa na kuona mutoto yangu." Hakuna enjinia aliyefikiri vile kabla yake.

Sasa, franga itatoka wapi? Watu wengi mu makambi hawajui kwamba jibu limeandikwa mu kodi ya madini, Code minier, iliyobadilishwa mwaka wa 2018. Ile malipo wanaita redevance, ambayo kampuni inalipa juu ya madini inayouzisha, inagawanywa hivi: asilimia 50 kwa serikali ya Kinshasa, asilimia 25 kwa jimbo, asilimia 15 kwa komini, sekta ao usultani kunako chimbo, na asilimia 10 kwa mufuko wa vizazi vitakavyokuja. Zaidi ya ile, kila kampuni inapashwa kuweka angalau asilimia 0,3 ya mauzo yake ya mwaka kwa kazi za maendeleo ya wakaaji wa karibu, na kuandika nao mapatano, ile cahier des charges.

Basi kila mumoja wenu mu komini yenye chimbo ana haki ya kuuliza: ile asilimia 15 ya mwaka jana iliingia ngapi, ilitoka ngapi, ilifanya nini? Na mu cahier des charges, kati ya masomo, foraje na barabara, uwanja wa watoto umeandikwa ao hapana? Komini zisizo na chimbo, kama Katuba na Kenya, hazipati ile asilimia 15, lakini wachimbaji wengi wanalala kule. Ndiyo maana jimbo na asilimia 25 yake lisiwasahau. Mwezi wa 12 mwaka wa 2023 tulipiga kura hata kwa washauri wa komini. Kwa sheria, ni kazi yao kupitisha bajeti. Wenzetu wa Kivu ya Kusini walishaanza zamani kukaa pamoja na komini na kuchagua wenyewe kazi za bajeti, kama kule Ibanda mu Bukavu. Kama Bukavu iliweza, Lubumbashi, Likasi na Kolwezi hazina kisingizio.

Tubakize neno kwa wale wanaofanya biashara mu viwanja leo: mama wa malewa, kijana wa kredi ya simu, mushona viatu. Hatutaki wafukuzwe kama mbuzi asubuhi na mapema, vibanda vikivunjwa na mali ikichukuliwa. Wapewe upande mumoja wa uwanja, safu moja, mahali palipopimwa. Walipe kitu kidogo kwa risiti, na ile franga imulipe zamu na imununulie taa. Mama wa malewa anayekaa pale kutwa anaona kila mutoto na kila mwizi. Ni mulinzi kuliko ukuta.

Lakini kwa yule aliyejenga nyumba ya beto ao depo mu uwanja wa watoto, maneno ni mengine. Tunajua kati yao wamo wenzetu. Kuna wazee waliopokea franga ya départ volontaire, wakaonyeshwa kipande cha uwanja, wakaambiwa karatasi iko sawa. Walidanganywa, na waliowadanganya wako hai, tena wengine bado mu kazi. Hatuombi matingatinga. Tunaomba kila karatasi ichunguzwe mbele ya tribunal, aliyeuzisha arudishe franga, na kuanzia leo asiongezeke hata mumoja. Kilichopotea kitachukua miaka. Kilichobaki kinaweza kufungwa mwezi huu.

Na sisi wa sendika tusisimame kando tukinyoosha kidole. Wakati ule uwanja wa kwanza ulikatwa, tulikuwa na mugomo wa mushahara, tukasema hii si kazi yetu. Wengine wetu waliogopa, kwani munyweshaji wa bia alikuwa yule yule munuzi. Tunakubali ile haya. Muguu wa ule mutoto uko pia juu yetu.

Kwa hiyo tumekata shauri hivi. Kila delege, mu kartie anamokaa, atatembea siku ya posho ya kwanza ya mwezi unaokuja pamoja na vijana na bamama wawili watatu. Wachukue kamba na kaye. Wapime uwanja uliobaki, waandike urefu na upana, miti mingapi, nani amejenga, pompi iko ao hapana. Wapige picha. Ile orodha tutaipeleka kwa burgumestre, nakala kwa washauri wa komini, nakala kwa meya, na kila mumoja atatutilia sahihi kwamba ameipokea. Kiisha tutaitangaza humu mu gazeti, komini kwa komini, ili siku moja mutu akisema tena fasi ilikuwa bure, tumufungulie ukurasa.

Kazi ya kusafisha tutaifanya wenyewe. Tulikua na salongo ya kulazimishwa, tunajua kushika jembe. Hii tutaifanya kwa mapenzi yetu, kwa watoto wetu. Lakini komini isidhani jembe letu ndilo bajeti. Sisi tutaleta mikono. Wao walete mipaka, maji na zamu.

Ule mutoto bado ana plasta. Daktari amesema atatembea vizuri. Tulipomuaga, alituuliza kama tunaweza kumuletea mpira mupya, kwani ule wa kwanza ulipasuka chini ya lori. Mpira tutanunua, si kitu kikubwa. Kabla hajatoka ku hospitali, tunapashwa kumutafutia mahali pa kuupiga.